Kupanda na Kushuka Mkoani

Wanaousifu mji wa Mkoani kwa sauti kubwa kabisa ni wale wanaoutazama kutoka juu ya meli. Huona kilima cha kijani kinachoteremka mpaka baharini, mapaa ya makuti yaliyokaa moja juu ya jingine baina ya mikarafuu na minazi, na njia nyekundu inayopita katikati kama mshipi. Nao husema kwamba watu wa mahali hapa wamejaaliwa. Kisha meli hung'oa nanga, nao huenda zao. Mimi sikwenda zangu. Nimeishi Mkoani tangu ujana wangu haujesha, na leo nywele zangu zimeanza kugeuka rangi. Kwa hiyo ninadai haki ya kuusema mji huu kwa mema yake na kwa mabaya yake, haki ambayo mpita njia hana. Sikusudii kuukashifu. Lakini sifa inayoficha tabu ni nusu ya uongo, na mimi nimewaona watu wengi walioharibiwa na nusu ya uongo kuliko walioharibiwa na uongo mzima.

Nilizaliwa Madungu, katika mji wa Chake Chake, nikasomeshwa chuoni na kisha skulini, na nilipofikia umri wa kazi nikapewa kusomesha. Mke nilimwoa Vitongoji, upande wa mashariki, ambako ardhi ni tambarare, jua huchomoza baharini, na mtu akitaka maji hana haja ya kuvaa viatu. Siku ya nikaha, baba yake, mkulima na mvuvi asiyependa maneno mengi, aliuzuia mkono wake kabla haujaushika wangu.

"Maalim, nna sharti moja," alisema. "Binti yangu asihamishwe akawekwa mbali na kwao ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Ukikubali, tuendelee. Usipokubali, pilau hii wataila majirani, na wewe urudi Madungu na kilemba chako."

Watu walicheka, nami nilikubali mbele yao wote. Waliosoma fikihi katika majlisi ile walijua, na mimi nilijua, kwamba katika madhehebu yetu sharti la namna hiyo halimfungi mume: ndoa husihi na sharti huanguka. Mmoja wao aliniinamia sikioni kunikumbusha jambo hilo, akidhani ananipa zawadi ya harusi. Nilimjibu kwamba sheria inaniruhusu mambo mengi ambayo mtu mwenye haya hayafanyi.

Haukupita muda mrefu nikahamishiwa skuli ya Mkoani. Nilimweleza mke wangu kila kitu bila kupamba. Alifikiri siku nzima, kisha akasema atanifuata kwa majaribio, na tukapatana hivi: tutakaa mpaka msimu wa karafuu umalizike, na ukimalizika yeye atatoa neno lake. Akisema tubaki, tutabaki. Akisema turudi, nitaomba kurudishwa karibu na kwao; na ombi langu likikataliwa, nitaiacha kazi ya kusomesha na kwenda kulima na baba yake, ambaye alikwisha kuniona nikishika jembe na hakuficha kicheko. Kazi ile nilikuwa nimeisomea tangu utotoni. Nilipotia mguu Mkoani, basi, nilijua kwamba maisha yangu yote yamewekwa mkononi mwa mtu mwingine, na kwamba niliyeyaweka ni mimi.

Tulipata nyumba juu kabisa ya kilima, na hapo ndipo nilipojifunza mema ya mji. Upepo wa baharini haukukatika mchana wala jioni. Mbu, ambao Chake Chake walikuwa wakinifungisha kitabu kabla sijamaliza ukurasa, huku hawakuwa na nguvu za kupanda. Ukikaa mlangoni ulikiona kisiwa cha Makoongwe mbele yako kama kwamba kimewekwa pale kwa ajili yako, na mkondo wa maji ukibadilisha rangi kila wingu lilipopita. Meli ikija kutoka Unguja, mji wa Mkoani ndio uliokuwa wa kwanza kupata habari, kitabu kipya, na mtu mgeni mwenye jambo la kusema. Wete na Chake Chake walipata mabaki yetu. Mtu anayependa kusoma na kufikiri hawezi kuyadharau mambo haya. Nilifanya kazi nyingi katika nyumba ile, na nilifundisha vizuri zaidi kuliko nilivyopata kufundisha kabla.

Mabaya yake yalikuwa chini ya miguu yetu. Njia ya kilima ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha, nayo Pemba hunyesha pasipo kushauriana na mtu, udongo ule huteleza kama sabuni. Kisima kilichokuwa na maji matamu kilikuwa karibu na pwani. Mke wangu alishuka na debe tupu na kupanda na debe lililojaa, asubuhi na alasiri, na mara nyingi nilirudi kutoka skulini nikamkuta amekaa kizingitini akiitazama miguu yake kama mtu anayeitazama miguu ya mgeni. Palikuwa na jirani yetu, mjane mwenye kuuza mikate ya mofa, mwanamke wa Mkoani hasa, ambaye alikuwa na nyumba chini kidogo ya yetu na ulimi juu ya nyumba zote.

"Bibi harusi wa Vitongoji!" alikuwa akimwita. "Bado mzima weye? Jana nilikuona ukipanda, nikasema huyu leo atafika kwa magoti."

"Nimefika kwa miguu, mama," mke wangu alijibu. "Magoti nimeyaweka akiba ya kesho."

"Hewala! Ulimi wako ushakuwa wa Mkoani. Imebaki miguu."

Lipo baya jingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Katika mji uliojengwa juu ya mteremko, ua wa kila mtu umefunuliwa mbele ya aliye juu yake. Sisi tulikuwa juu ya wote. Na wiki ya kwanza nilitambua, kwa kuchukizwa, kwamba nikiinua macho kutoka kitabuni ninaona nani anamwogesha mtoto, nani anagombana na nani, na nani amekosa kitu cha kupika. Nilinunua makuti nikazungusha ua mrefu. Majirani walidhani ninaficha mambo yangu. Kwa kweli nilikuwa nikiyaficha ya kwao.

Na la mwisho, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba uzuri wa mahali una fitina yake. Karibu na gati palikuwa na baraza ya mawe ambapo wanaume wenye afya njema walikaa tangu jua halijapanda wakitazama bahari. Meli ikiwapo waliitazama meli. Isipokuwapo waliitazama nafasi yake. Mashamba yao yalimea magugu na watoto wao walikuja skulini bila kofia, lakini ukiwauliza wanafanya nini walijibu kwamba wanatazama, kama kwamba kutazama ni kazi na bahari itaanguka wasipoishikilia kwa macho. Katika nchi isiyo na sura mtu hulazimika kufanya jambo. Katika nchi nzuri anaweza kuzeeka akidhani kwamba uzuri ule ni kazi ya mikono yake.

Sasa sina budi kueleza neno moja, kwa sababu mambo yaliyofuata yalisimama juu yake. Kila Mswahili analijua neno kupanda: hupandwa mlima, na hupandwa chombo. Katika miji mingine hakuna anayezichanganya maana hizo mbili, kwa kuwa penye mlima hapana meli na penye meli hapana mlima. Mkoani vyote viwili viko mahali pamoja. Mtu akisimama pwani akaambiwa kwamba fulani kapanda, huenda fulani yuko nyumbani kwake kileleni, na huenda yuko njiani kwenda Unguja. Wenyeji wamelitatua jambo hili kwa kidevu. Akisema kapanda na kidevu kikaelekea kilimani, umejua. Kikaelekea baharini, umejua vilevile. Ni desturi ndogo, na watoto wanaijua kabla hawajajua kusoma. Mimi nilikuwa nimeishi mjini muda wa kutosha kuitumia bila kufikiri.

Msimu wa karafuu ulikuja, na mji ukajaa wachumaji kutoka pande zote. Majamvi ya karafuu yalitandazwa barazani, uani na kandokando ya njia, harufu yake ikaingia katika mikate na katika vitabu vyangu. Na wingu likitokea, watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikimbilia majamvi yao wakipiga kelele. Nilipenda kuuona mji ukifanya kazi. Lakini nilikuwa pia nikiyahesabu majamvi. Kila yalivyopungua, nilijua kwamba neno la mke wangu linakaribia, na yeye hakuwa akilitaja. Alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, na alikuwa amekonda.

Majamvi ya mwisho yalipokuwa yakikunjwa, mama yake alifika kutoka Vitongoji na furushi na kikapu. Alikuwa akienda Unguja kumwangalia dada yake, na meli ilitazamiwa kesho yake. Jioni ile, nikiwa chumbani na kitabu, niliwasikia uani.

"Umebaki macho matupu," mama alisema. "Twende sote. Utakaa kwa khaloo yako, utapumzika, kisha baba yako atakuja kukuchukua. Sharti lipo, mwanangu. Hukuiba kitu."

"Nalijua sharti, mama."

"Unalijua, na yeye je? Tangu nije sijamsikia akilitaja. Baba yako kasema zamani: hawa wenye vitabu hukubali wakiwa mbele ya pilau."

Nilingoja jibu la mke wangu. Nilisikia tu sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, krr, krr, ikiendelea kwa mwendo ule ule. Asubuhi, kabla ya kwenda skulini, nilimwambia mbele ya mama yake, "Msimu umekwisha. Neno ni lako, na siku ya kulisema ni yako pia." Aliinamisha kichwa. Alisema atashuka kumsindikiza mama yake melini. Sikuongeza neno, kwa sababu ahadi inayofuatwa na maombi si ahadi tena.

Nilipowaachia wanafunzi niliteremka pwani ili nimuage mkwe wangu. Nilichelewa. Meli ilikuwa imekwisha kung'oa nanga na ilikuwa ikikipita kisiwa cha Makoongwe. Sikumwona mke wangu gatini wala njiani. Duka la karibu na gati lilikuwa la Muhindi mmoja wa Kibaniani, aliyezaliwa Mkoani na aliyezungumza Kipemba kuliko mimi wa Madungu. Alikuwa akimkunjia mteja kitambaa: ncha moja ameibana kwa kidevu kifuani, mikono imetanuliwa huku na huku.

"Bwana, umemwona mke wangu?" nilimuuliza.

"Kapanda, Maalim," alijibu kwa meno yaliyofumbwa, asije akakiachia kitambaa. "Yeye na mamake. Kitambo."

"Na mizigo?"

"Yote. Hamali kachukua."

Nilikitazama kidevu chake. Kilikuwa kimelala juu ya kitambaa, hakikuelekea popote. Kisha nikaitazama meli, na maana ikaja yenyewe. Mizigo yote, hamali, mama na binti, na meli inaondoka: ni nani angefahamu vingine? Nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na mteja aliyekuwa akinunua kitambaa akanitazama uso, akasahau kitambaa. Mji ule hauhitaji zaidi ya hapo. Kabla sijafika msikitini kwa sala ya alasiri, kila mtu pwani alikuwa na habari kwamba Maalim kaachwa.

Ninakumbuka vizuri nilivyokuwa nikifikiri nilipokuwa nikitawadha. Sikumlaumu. Nilimpa mlango uliofunguliwa, naye akaupita. Mtu hawezi kufungua mlango kisha akakasirika kwamba umetumiwa. Lililoniuma ni moja tu, kwamba hakuniaga. Nalo nililitia katika mizani nikaona kwamba huenda aliogopa kuniaga kwa sababu ningemtazama kwa namna fulani. Nikaamua kwamba keshoye nitaomba kurudishwa, kama tulivyopatana, na kwamba nitaanza kulizoea jembe.

Baada ya sala walinizunguka wale wa baraza ya gatini, na mmoja wao, mtu mnene mwenye kifimbo ambacho hakikuwa na kazi kama mwenyewe, alinishika bega.

"Yakhe Maalim, pole," alisema. "Miye nilimwona kwa macho yangu akishika ngazi ya meli. Hata kugeuka hakugeuka."

"Na mimi nilimwona," alisema mwingine. "Alikuwa akicheka."

"Wanawake wa mashariki ndivyo walivyo. Wakiona mlima hulia, wakiona meli hucheka."

"Mwandikie talaka yake upesi, Maalim, tukutafutie wa hapa hapa, aliyezaliwa mlimani. Mashavu yake ya miguu kama ya ng'ombe wa gari!"

Walicheka, na baadhi yao, nadhani, walikuwa wakinihurumia kwa namna yao. Lakini nilikuwa nimeyasikia ya kutosha.

"Nyamazeni," niliwaambia. "Mwanamke huyo hakunitoroka. Siku nilipomwoa baba yake alinipa sharti, nikalikubali mbele ya mashahidi: kwamba hatakaa mbali na kwao ila kwa ridhaa yake. Amekaa msimu mzima. Amepandisha kilimani maji ambayo nyinyi mliyanywa mlipokuja kwangu kuomba niwasomee barua zenu. Leo amechukua haki yake, na haki hiyo mimi ndiye niliyempa. Atakayemsema vibaya atakuwa amesengenya, na asingoje salamu yangu njiani."

Kisha mtu mmoja aliyesoma kidogo akauliza, "Lakini Maalim, sharti kama hilo si halina nguvu katika sheria yetu?"

"Kwangu mimi lina nguvu," nilijibu.

Sikuwa nimepata kulitaja sharti lile kwa mtu yeyote wa Mkoani. Nililisema pale, mbele ya watu ambao nilijua watalitembeza kila nyumba, na sikujuta.

Wema wa mji ule ni huu pia, kwamba haumwachi mtu peke yake hata akitaka. Walikataa niende nyumbani kupika mwenyewe. Mmoja alileta samaki, mwingine alileta muhogo, na tukaanza kupanda kilima kwa pamoja kama watu wanaotoka mazikoni, yule mnene akipumua kwa taabu na kusimama kila kona, safari hii pasipo kuitazama bahari. Tulipofika karibu na kilele niliona moshi ukitoka jikoni kwangu. Nilidhani ni yule mjane wa mikate ya mofa, amenihurumia.

"Karibuni, mashahidi!" ilisema sauti nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Samaki alianguka kutoka mkononi mwa aliyemshika.

"Nimeambiwa mpo wawili mlioniona nikishika ngazi ya meli," sauti iliendelea. "Yupi kati yenu aliniona nikicheka? Nataka kumuuliza nilikuwa nikimcheka nani."

"Labda, bibi," alisema yule mnene akijifuta jasho, "labda lilikuwa buibui jingine. Mabuibui yote meusi."

"Basi jifunzeni kutazama, baba. Mnatazama tangu alfajiri!"

Mjane wa mikate ya mofa, aliyekuwa ndani pamoja naye, aliangua kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Alikuwa ndiye aliyeleta habari. Alikuwa ukutani pa msikiti akiuza mikate yake nilipokuwa nikisema, akaiacha sinia na kupanda kwa njia ya shambani kabla yetu, akadhani atakuta nyumba tupu ya kufagia. Akamkuta mke wangu jikoni na mama yake amekaa juu ya kibao, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Mkwe wangu ndiye aliyetueleza yaliyotokea. Alifika gatini akakiona kimashua kinachowapeleka abiria melini kikirukaruka juu ya mawimbi, na akaapa kwamba hakiingii. "Kinaruka kama mbuzi aliyeona chui," alisema. "Dada yangu atanisamehe. Akitaka kuniona, na aje yeye, ndiye mdogo." Basi walimpa hamali mizigo na wakarudi juu kwa njia ya kivuli ndani ya mikarafuu, ambako wa baraza ya gatini hawakupata kuwaona, kwa kuwa huko hakuna bahari ya kutazama. Yule mwenye duka aliwaona wakianza kupanda. Alisema kweli tupu, ila kidevu chake kilikuwa na kazi nyingine.

Wanaume waliagana nasi haraka, wakaacha muhogo na samaki mwenye mchanga. Mama na mjane walipoingia ndani, mke wangu alikuja akaketi kizingitini upande wangu.

"Ni kweli ulisema mbele ya watu kwamba nna haki ya kwenda?" aliuliza.

"Nilisema."

"Ukidhani nimeshakwenda?"

"Nikiwa na yakini kwamba umeshakwenda."

Aliitazama miguu yake. "Mimi nilikuwa sijui nitakwenda au nitakaa. Mama akisema twende, nilitaka kwenda. Kile kimashua kilipomtisha, nilifurahi, kisha nikajionea haya kwamba nimefurahi. Maalim, ningekaa kabla ya leo, watu wangeniona kama mzigo ulioteremshwa bandarini ukasahauliwa. Sasa wanajua mlango upo. Nikikaa, nimekaa kwa kutaka."

"Na unataka?"

"Mji naupenda. Watu wake wananichekesha. Lakini hapa juu sikai."

Nilimkumbusha juu ya upepo.

"Upepo unaunywa wewe," alisema. "Maji nayachota mimi."

Nilisema tutamtafuta hamali wa kutuletea maji, na kwamba nilipaswa kufanya hivyo mapema.

"Hamali ataleta maji, hataleta mazungumzo. Wanawake wa mji huu wako kisimani. Wanacheka, wanagombana, wanapeana dawa za watoto, na mimi nina nafasi ya kujaza debe tu, kwa sababu nafikiria kilima. Nikifika juu, nazungumza na kunguru. Wewe una vitabu vyako na una Makoongwe yako. Mimi nipe nyumba karibu na kisima, na neno langu ni kwamba tubaki."

Niliitazama nyumba ile. Nilitazama mlangoni nilipozoea kuketi, na mkondo wa maji ambao saa ile ulikuwa na rangi ambayo sijapata kujua jina lake. Lilikuwa jambo zito kwangu, wala sitajidai kwamba halikuwa. Lakini halikunichukua muda mrefu. Nilikuwa nimekuwa tayari kuiacha kazi yangu na mji wenyewe. Kuacha mandhari ni jambo jepesi zaidi, na mtu anayeona mandhari yake ni bora kuliko afya ya mwenzake hana tofauti na wale wa baraza ya gatini, ila yeye amekaa juu zaidi. Nilisema, "Kesho nitauliza."

Tulihamia nyumba ya chini kabla ya mvua. Joto lake ni kali, na mbu wana nguvu zao zote. Ubavu wake umeelekea ukuta wa ghala la karafuu, hivyo kwamba kwa upande wa bahari tunaona mawe na chokaa, na juu yake kipande cha mbingu. Mkwe wangu alirudi Vitongoji kwa gari, njia ya nchi kavu, akashukuru kila gurudumu. Mwezi uliofuata alikuja baba wa mke wangu. Hakusema neno juu ya sharti. Alizunguka nyumba, akatia kata kisimani, akaonja maji, akamtazama binti yake aliyekuwa ameanza kujaza mashavu. Kisha akaniuliza kama naweza kumpatia mbegu za mboga, akakaa siku nyingine mbili ambazo hakuwa amekusudia kukaa.

Katika nyumba hiyo ndimo ninamoandika haya. Wageni wanaokuja na meli hunihurumia wakiiona. Huniuliza kwa nini mtu aliyesoma akae nyuma ya ghala katika mji wenye mandhari kama hii. Huwaelekeza njia ya kilimani wakajionee wenyewe, na huwaambia wavae viatu vizuri. Alasiri kama hii wanawake hukusanyika kisimani, nyuma ya ukuta wangu, na sauti ya mke wangu huwa ya kwanza kusikika na ya mwisho kunyamaza. Leo wanabishana juu ya mtoto wa nani anafanana na nani. Hakuna mtu awezaye kusoma karibu na makelele hayo, nami nimekifunga kitabu.